Herufi Mbili Juu ya Kichwa cha Kaisari

Chumba cha sarafu, ghorofa ya chini
2 Februari

Mdogo wangu Dakika,

Usishtuke kuona bahasha yangu, hakuna aliyekufa. Simu yako naipiga mpaka nachoka, na ukipokea unasema "Dada, nina mteja" halafu unakata. Basi nimerudi kwenye karatasi, ambako huwezi kunikata.

Habari yenyewe ni hii. Mwisho wa Machi nastaafu. Miaka thelathini na moja nimekaa katika chumba hiki cha makumbusho kisicho na dirisha, nikiwatazama wafalme waliokufa, na sasa wananiambia nenda kapumzike. Mkuu wetu mpya, binti mmoja mwenye akili nyingi na viatu visivyotoa sauti, anachapisha orodha mpya ya sarafu zote. Ametuambia kila mmoja: kama una hukumu yako ya zamani unayotaka kuipitia upya, ipitie sasa, orodha ikienda kwa mchapaji ndiyo basi tena. Siku ya mwisho ni tarehe ishirini Machi.

Zangu nimezipitia zote. Nimebaki na moja, na wewe unaijua. Sarafu ya baba.

Nikukumbushe, maana wewe mambo haya yalikuwa yakiingia sikio hili yanatokea lile. Ni ya fedha, ya Kirumi, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Ina kichwa cha Kaisari kinachotazama kushoto, na hapo ndipo maneno yalipoanzia, kwa sababu wenzake wa aina ile karibu wote wanatazama kulia. Kwa hiyo ama ni sarafu rasmi ya nadra, iliyopigwa katika karakana ya serikali ya Roma, ama ni ya kuigiza. Watu wa ng'ambo ya mpaka walizitamani sana sarafu za Roma, wakachonga mihuri yao wenyewe na kupiga za kwao. Hizo nazo ni za kale, si za utapeli wa juzi, ila si za Kaisari.

Siku baba alipoileta hapa kuitoa zawadi, nilikuwa na miaka miwili tu kazini. Wakubwa wakasema niihukumu mimi. Nadhani walikuwa wananipima. Na mimi nikaogopa wasije wakasema nimempendelea mzee wangu, nikawa mkali kupita kiasi. Katika maandishi yaliyo juu ya kichwa, herufi mbili zimekosewa. Panapotakiwa N kisha S, pana S kisha N, na zote mbili zimegeuka nyuma mbele. Nikaandika, na mpaka leo naikumbuka kwa moyo: "Ya kuigiza. Mchongaji hakujua kusoma; aliiga maumbo ya herufi bila kujua yanasema nini." Nikatia sahihi. Ilikuwa hukumu yangu ya kwanza.

Sarafu ikaenda droo ya chini kabisa, baba akapelekewa nakala ya ripoti, na tangu siku ile hakukanyaga tena hapa. Miaka tisa, mpaka alipokufa! Nyumbani kwangu alikuja, alikula, alicheka na mume wangu, lakini nikitaja tu neno sarafu, anaulizia mvua. Amekufa hajanisamehe, na mimi sijui hata kama nilihukumu sawa au nilijionyesha tu.

Nakuomba kitu kimoja. Tafuta humo katika duka la saa alilokuachia chochote kinachohusu sarafu ile. Aliipata wapi, nani alimpa, lini. Chochote.

Dada yako,
Jicho

*

Dukani
14 Februari

Dada Jicho,

Bahasha yako imefika imepasuka pembeni, mtu wa posta alidhani una siri. Pole yake.

Kwanza hongera kwa kustaafu. Pili, acha mzee apumzike. Miaka yote hiyo imepita, wewe bado unafukua. Hukumu ilitoka, sarafu iko droo, na droo imefungwa. Mtu anastaafu anakwenda kupanda maua, dada yangu anastaafu anakwenda kumtafuta Kaisari.

Hapa dukani hakuna kitu. Nakwambia hivyo kwa sababu naondoa vyote. Mwenye jengo anataka kubomoa, ametupa hadi mwezi wa nne. Nimeshashusha saa za ukutani. Unakumbuka zilivyokuwa haziafikiani? Ya kwanza inapiga saa sita, ya pili inasubiri kidogo kama inafikiri, ya tatu ndiyo inaamka. Mzee alikuwa anasema waacheni, kila mmoja na saa yake. Sasa ukuta umebaki na madoa meupe ya mviringo, na mimi nikiingia asubuhi bado naangalia madoa kujua muda. Nimecheka mwenyewe.

Chini ya meza ya kazi kuna yale makopo ya biskuti yenye nta. Makopo kumi na tisa! Nimemwambia fundi mishumaa wa barabara ya pili aje ayachukue Jumamosi, atayeyusha. Na ile hereni ya mama, ile moja, nimeikuta kwenye kisanduku cha funguo za saa. Nimeiweka salama.

Usijitese. Mzee hakuwa mtu wa kinyongo.

Dakika

*

16 Februari

Wewe!

Makopo yale yasiguswe! Mwambie fundi mishumaa asikanyage hapo Jumamosi wala siku nyingine. Natuma barua hii kwa dereva wa gari la makumbusho ili ikufikie kesho, na nimempigia jirani yako muuza vioo akuzuie kwa mikono kama italazimu.

Dakika, hivi kweli umesahau nta ile ni nini? Baba hakujua kuandika. Fundi mwingine ana daftari la kupokelea, anaandika "saa ya mkono, mkwaruzo pembeni, ya mama fulani". Yeye alikuwa na nta. Kitu cha mteja kikiingia, kabla hajakifungua hata skrubu moja, anakigandamiza kwenye bonge la nta laini, mbele ya mwenye mali, chapa inabaki pale. Mtu akirudi na kelele kwamba saa yangu haikuwa na alama hii, mzee anainama, anafungua kopo, anamwekea nta mezani. Unakumbuka yule mwalimu wa hesabu? Alifoka mpaka mate yanaruka, alipoonyeshwa nta akaomba maji ya kunywa.

Na chini ya kila bonge alichora alama ya mtu wake kwa ncha ya sindano. Mwalimu wa hesabu alikuwa miwani. Mke wa mwokaji mikate alikuwa mashavu mawili. Ah, yule mama angejua!

Kama baba alikuwa anagandamiza kila kitu, basi na sarafu aliigandamiza. Kuna nta yake humo. Tafadhali itafute. Makopo kumi na tisa si mengi. Vaa ile lenzi ya kubana jichoni, najua hujaitupa.

Nilijifunza kuona kwa lenzi hiyo na kwa sarafu hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Ananikalisha kwenye kile kiti cha juu, ananiambia, usiniambie ni nini, niambie unaona nini. Naona pua. Pua ikoje? Ina mfupa. Endelea. Nilikuwa nanuka mafuta ya saa mpaka shuleni, wenzangu wakaniita Karakana, nami nikaona fahari. Ujuzi wote nilionao nimeupata kwenye kiti kile, halafu nikautumia kumwaibisha aliyenipa. Ndiyo maana silali vizuri, mdogo wangu, basi usiniambie nipande maua.

Jicho

*

Dukani
25 Februari

Dada,

Nimeipata, na mgongo wangu unakudai pole.

Ilikuwa kopo la kumi na nne. Hapo katikati nimekutana na mji mzima. Miwani ya mwalimu ipo. Mashavu mawili yapo, mara sita, inaonekana yule mama alikuwa anaivunja saa makusudi. Nimemkuta na yule bwana mpiga tarumbeta, alama yake ni tarumbeta iliyopinda. Nilikaa chini nikacheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu wote hao hawapo tena.

Bonge lenyewe ni dogo, lakiri nyekundu iliyochanganywa na nta. Chini kuna alama ya ua lenye majani matatu. Simjui mteja wa ua.

Lakini nakuvunja moyo mapema: siyo sarafu yako. Wewe unasema kichwa kinatazama kushoto. Hiki kinatazama kulia, nimegeuza juu chini, mchana kweupe, kulia. Na maandishi nimejaribu kukunakilia, ila yote yamekaa ovyo, yamegeuka. Nimeona zile mbili zako, S kisha N, zimegeuka nyuma mbele kama ulivyosema, lakini na nyingine zote zimegeuka vilevile. Sasa hii si ndiyo ya kuigiza zaidi kuliko yako? Labda mzee alikuwa nazo mbili.

Nimeifunga kwenye pamba, dereva wenu anakuletea.

Dakika

*

Chumba cha sarafu
1 Machi

Mdogo wangu,

Kaa kitako usome barua hii mara mbili.

Sarafu ni hiyo hiyo moja. Nta inageuza kila kitu. Ukibonyeza uso kwenye nta, kilichokuwa kushoto kinaenda kulia, na herufi zinageuka zote. Weka kioo kidogo pembeni ya nta utaiona sarafu ilivyo. Hilo ni somo la wiki ya kwanza katika kazi yangu, na wewe usijilaumu kwa kutolijua.

Nimeweka kioo. Kaisari akatazama kushoto. Maandishi yote yakasimama sawasawa. Yote, Dakika. N kisha S, safi kabisa, mahali pake.

Nikaitazama tena, nikaitazama na sarafu. Katika nta, ambayo ilichukuliwa zamani, herufi zile mbili ni sahihi kama wenzake. Kwenye sarafu iliyo mkononi mwangu zimekosewa. Nikaichukua nikaiweka chini ya darubini, kitu ambacho miaka ishirini na tisa sikukifanya kwa makini pale juu, kwa sababu nilishajua jibu. Kuna duara, Dakika. Duara jembamba mno, linazunguka herufi zile mbili. Hapo palikuwa na tundu. Mtu alilitoboa baada ya nta kuchukuliwa, na baadaye mtu alilijaza kwa fedha nyingine, akalainisha, akachonga upya N na S zilizopotea. Kazi ya kudanganya macho! Mshono huo sijawahi kuuona kwa fundi yeyote wa makumbusho.

Fundi huyo hakukumbuka herufi zilizopotea zilikuwaje, kwa hiyo alitoa nta yake akanakili alichokiona. Alinakili nta jinsi ilivyo, imegeuka.

Ni baba. Nani mwingine?

Nimerudi basi kwenye sarafu yenyewe, bila zile herufi mbili. Uzito wake ni sawa. Ndevu zimechongwa na mtu wa kazi. Na kuna mstari mwembamba uliotuna kutoka puani mwa Kaisari hadi ukingoni. Muhuri wa chuma ukipasuka, kila sarafu inayopigwa nao inabeba ufa ule. Nikaanza kufungua vitabu vya picha vya makumbusho mengine. Kitabu cha saba, ukurasa wa mwisho: Kaisari yule yule, anatazama kushoto, ufa ule ule puani. Ile ya kitabuni haina ubishi wowote, mgongo wake umepigwa kwa muhuri wa karakana ya Roma unaojulikana vizuri. Muhuri mmoja, sarafu mbili. Ya baba ni rasmi, bila shaka yoyote.

Kitabu hicho kilikuwa rafuni kwangu miaka yote. Sikukifungua kwa sababu nilishaona herufi mbili nikaacha kutafuta.

Sasa nakuuliza jambo, na usinifiche. Niliandika "mchongaji hakujua kusoma". Ripoti ilipelekwa dukani. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo mtu alimsomea. Nani alimsomea? Alisikia sentensi ile? Dakika, mimi nilimwandikia baba yangu kwa sahihi yangu kwamba hakujua kusoma, na yeye akajua ni yeye. Niambie kwamba ile karatasi ilipotea. Hata kama ni uongo, niambie.

Jicho

*

12 Machi

Dakika,

Siku kumi na moja. Muuza vioo anasema uko salama, unakula, unafungua duka saa tatu. Kwa hiyo umeamua tu.

Nimebakiwa na siku nane. Mkuu ameuliza nitaandika nini, nikamwambia nasubiri shahidi. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwenye karatasi.

Dada

*

Dukani
14 Machi

Dada yangu,

Nilikuwa naandika na kuchana. Muuza vioo anao mfuko mzima wa karatasi zangu, anafungia vioo.

Ripoti haikupotea. Nilimsomea mimi.

Ilikuwa mchana, duka tupu. Alikuwa ameshika saa ya mezani ya daktari wa meno, nayo iko wazi. Aliniambia soma polepole, ni maandishi ya dada yako haya. Nikasoma uzito, nikasoma kipenyo, nikasoma kichwa kinatazama kushoto, anaitikia tu, ehe, ehe. Nikafika pale. "Mchongaji hakujua kusoma; aliiga maumbo ya herufi bila kujua yanasema nini." Akasema, rudia hapo. Nikarudia. Akaweka bisibisi chini. Nilidhani atalia, nikaanza kukutukana moyoni, samahani lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka lenzi ikadondoka jichoni. Akasema, "Umesikia? Herufi mbili tu, ndogo kuliko punje ya mtama, na amejua aliyezichonga hajui kusoma! Huyu mtoto ana jicho. Mimi nilimwambia mama yake, huyu mtoto ana jicho." Akanizungusha duka zima kwa furaha.

Sikuelewa. Ndipo akanieleza. Sarafu alikuwa nayo kabla hajaoa, na nta aliichukua siku alipoipata, kama kawaida yake. Alipooa akaitoboa, akamvisha mama shingoni siku ya harusi. Picha ipo, nakutumia, itazame shingoni. Wewe ulikuwa na miaka minne mama alipofariki, mimi nanyonya. Baada ya msiba mzee hakuweza kuliangalia lile tundu. Akachukua hereni moja ya mama, akaiyeyusha, akalijaza. Ndiyo maana imebaki moja, na sisi tulidhani nyingine ilipotea. Na ua la majani matatu, nimelikumbuka sasa, limedariziwa kwenye pindo la gauni lake pichani. Atakuwa alilichora baadaye.

Nikamwambia, baba, basi mwambie dada ukweli, amehukumu vibaya. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Akasema wewe, dada, una kazi miaka miwili tu, ndiyo hukumu yako ya kwanza, wakubwa wameikubali. Baba yako akienda kusema mimi ndiye niliyeharibu, watakucheka. "Hakukosea," akasema. "Ameulizwa anaona nini, amesema anaona mkono wa mtu asiyejua kusoma. Si kweli?" Nikamwuliza, na sarafu kuwekwa droo ya chini je, haikuumi? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto wa kunyonya. "Ina hereni ya mama yenu," akasema. "Droo au kabati la vioo, si yuko kazini na mwanawe?"

Ndiyo sababu aliitoa zawadi. Si kwa ajili ya Kaisari.

Na ndiyo sababu hakuja tena. Alijua akifika, utamshika mkono umuulize ana kwa ana, na mzee hakujua kukudanganya. Akanizuia nisikwambie, nikaapa.

Lakini sitajificha nyuma ya kiapo. Alipokufa nilikuwa huru kusema. Sikusema kwa sababu ya wivu. Ndiyo, andika hivyo. Nilikaa naye miaka yote, nikamfungulia duka, nikamlaza, nikamwamsha, nikamsomea magazeti, na siku niliyomwona ana furaha kuliko zote maishani mwake ilikuwa kwa sababu yako, kwa karatasi uliyoandika bila kumfikiria. Nikasema moyoni, basi na abaki akidhani mzee alimnunia. Miaka ishirini nimekuona ukijitesa nikanyamaza. Juzi hapa nilitaka kuiyeyusha nta yote kusudi, ili mambo yaishe.

Sina cha kujitetea. Kama hutaki kuniona, nitaelewa.

Dakika

*

Chumba cha sarafu
18 Machi

Mdogo wangu mpumbavu, mdogo wangu wa pekee,

Nimelia mpaka mkuu mwenye viatu visivyotoa sauti akaniletea chai, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akija, alikuwa anakimbia.

Nilikukasirikia siku mbili. Nilikukasirikia kweli, nilipiga meza, Kaisari akaruka. Miaka ishirini, Dakika! Siku ya tatu nikajiuliza, mimi nilimwamsha baba mara ngapi? Nilimsomea gazeti mara ngapi nilipohamia huku? Basi tumeshalipana, yaishe.

Picha nimeiweka mezani. Nilikuwa nakumbuka kitu kinachong'aa karibu na uso wangu nikiwa nimebebwa, nikadhani ni ndoto ya utotoni. Kumbe nilikuwa namwona Kaisari kabla sijajua kutembea vizuri.

Jana asubuhi, kabla wengine hawajaja, niliitoa sarafu nikaishika tu. Bila lenzi wala mizani. Kazi yetu hairuhusu kushika kwa mkono mtupu, nimewakemea vijana wangapi kwa kosa hilo. Niliishika mpaka ikapata joto.

Kulikuwa na mabishano hapa. Mwenzangu wa chumba cha pili anasema tuizibue, tutoe zile herufi, sarafu ibaki kama ilivyotoka Roma. Nikamwambia ajaribu aone. Mkuu akamaliza: inabaki ilivyo, na inahamia kabati la vioo la katikati, pamoja na zile rasmi. Nimeandika hukumu mpya na kibandiko chake, nimetia sahihi. Hukumu yangu ya kwanza na ya mwisho ni za sarafu moja.

Sikwambii nimeandika nini. Kibandiko kinabandikwa Jumatatu. Njoo usome mwenyewe, na uje na lenzi, na uniletee hereni. Saa nne kamili. Najua utachelewa.

Dada yako,
Jicho

*

Chumba cha wageni, nyumbani kwako
27 Machi

Dada,

Umelala kiti cha sebuleni na miwani usoni, sitaki kukuamsha, na garimoshi langu ni saa tisa mchana huu. Nakuachia hii chini ya sahani. Hereni iko ndani ya kikombe, usije ukainywa.

Juzi niliwahi. Hukuamini, kwa hiyo hukuniona. Nilifika saa tatu na nusu, wewe bado uko ghorofa ya chini unaagana na droo zako. Nikapanda peke yangu. Nikalikuta kabati la katikati, nikabana lenzi ya mzee jichoni, nikagandamiza paji la uso kwenye kioo. Pua. Ina mfupa. Nikaendelea.

Kibandiko nilikisoma mara ya kwanza haraka haraka, herufi zikanikimbia. Mara ya pili nikakisoma polepole. Mara ya tatu nikakisoma kwa sauti, kama nilivyosoma ile ya kwanza, mchana ule, duka likiwa tupu:

"Dinari ya fedha. Rasmi, karakana ya Roma. Kichwa kinatazama kushoto, nadra. Ilitobolewa ivaliwe na bibi harusi. Tundu lilizibwa kwa fedha ya hereni yake, na herufi mbili zikachongwa upya, na mumewe, fundi saa, ambaye hakujua kusoma na alimfundisha mwandishi wa maneno haya kuona."

Nilipofika "hakujua kusoma", nikasimama. Nikarudia hapo.

Mlinzi akanisogelea, mtu wa heshima tu, akaniambia, "Mzee, humu tunasoma kimya kimya."

Nikamwambia samahani, kuna mtu namsomea. Akatazama huku na huku, hakuona mtu, akaniacha nimalize.

Dakika